Tomahoki ya Nyapara Kalisti

Kalisti wa Ushirombo hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Majirani walidai kwamba hata kwenye kitubio, padri akimpa rozari tatu za toba, aliondoka na mbili. Yeye hakukanusha. Alisema tu kwamba mtu anayekubali tatu bila kuuliza anamzoesha padri vibaya.

Katika vitu vyote alivyovipata kwa mtindo huo, alichojivunia zaidi kilikuwa kishoka chake cha kambini. Alikifuata kwa Mageni, Mrongo mfua chuma wa upande wa Uzinza, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Akakaa pale siku tatu, akila ugali wa mwenye nyumba huku akidharau kazi yake. Mageni alikuwa na vishoka saba, vyote vimefuliwa kwa springi ya lori lililofia barabara ya Biharamulo. Kalisti alikigonga kila kimoja kwa kokoto, akatega sikio. Kilicholia kama kengele ndogo kiliwekwa kulia, na kilichojibu kama chungu chenye ufa kiliwekwa kushoto. Halafu akapima mkia, yaani ile ncha ya nyuma inayopenya kwenye kichwa cha mpini. Alitaka uwe mrefu kama kidole cha kati na uchongoke taratibu, maana mkia unaochongoka ghafla hulegea ghafla. Mwisho alikining'iniza kila kimoja kwenye kidole, macho kayafumba, kama mtu anayepima nyama bila kuiamini mizani.

"Unatafuta shoka au mke?" Mageni alimwuliza siku ya pili.

"Mke nilishapata, mzee wangu. Hakunisumbua hivi."

Shoka la kambi, alivyoeleza mwenyewe, si la kuangushia mninga. Ni la kuchonga vigingi vya hema, kupasua kuni, kukata miti ya vitanda, kufyeka miiba ya boma na kumvunjia mpishi mifupa ya mchuzi. Likiwa zito, jioni mkono unakataa kushika tonge. Likiwa jepesi, utakipiga kigingi kimoja mara ishirini, na wenzako watahesabu kwa sauti. Mageni alitaka vibuyu viwili vya asali na mbuzi. Siku ya tatu alikuwa na hamu zaidi ya kuuona mgongo wa Kalisti ukienda kuliko kumwona mbuzi, akakitoa kishoka kwa kibuyu kimoja na bonge la chumvi.

Mpini Kalisti aliutengeneza mwenyewe. Alichimba mkole, akaukata pale shina linapokutana na mizizi, kwa sababu pale nyuzi za mti zimesokotana na hazipasuki. Kisha akauingiza mkia wa kishoka motoni mpaka ukawa mwekundu, na makali akayavika udongo mbichi wa mfinyanzi yasipate joto. Kwa mkia huo akatoboa kichwa cha mpini, moshi ukimwingia machoni. Shoka la namna hii lina akili yake: kila unapokata, linajikaza lenyewe. Baada ya hapo alilipaka mafuta ya ng'ombe kila Jumamosi, akalinoa kwa jiwe la mtoni lenye chembe laini, akalishonea kifuko cha ngozi ya swala. Hakuliacha likilala limekita kwenye gogo, wala hakuliloweka majini ili mpini uvimbe, kama wafanyavyo wavivu. Mpini uliovimba leo, alisema, kesho jua likitoka umepungua kuliko jana.

"Mimi ulinichagua alasiri moja," Paskalia, mkewe, alimwambia akimtazama anavyosugua. "Na mafuta sijapakwa."

"Wewe ulikuja na mpini wako, Mama Coletha."

"Nao ndio utakaokuua."

Mwaka wa hamsini na moja, kiangazi kilipoanza, Kalisti alikuwa na misimu minne katika kambi ya mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka vilima kati ya Ushirombo na Geita, akivunja mawe na kuyafunga kwenye vifuko vyenye namba. Watu walimwita Bwana Nyundo. Alitafuta dhahabu kwa ajili ya wengine, na kwa kadiri Kalisti alivyoona, hajawahi kuipata ya kujaza kijiko cha chai, lakini kila mwaka alirudi na mahema mapya. Mwaka ule nyapara wa zamani alibaki kwao na miguu yake iliyovimba. Walipofika chini ya kilima cha kwanza, Bwana Nyundo aliwakusanya watu wake kumi na wanane, akawaambia kwa Kiswahili chake kwamba Jumamosi atachagua nyapara mpya.

Nyapara habebi mzigo. Ana hema lake, blanketi mbili na mshahara wa miezi yote, hata ile ya mvua ambayo wengine wanarudishwa makwao wakale mihogo. Zaidi ya hayo yote, kule Ushirombo Paskalia alikuwa ameshaanza kukaa benchi la mbele kanisani, la wake za wenye vyeo. Kabla ya safari Kalisti alikuwa amemwambia kwamba cheo kimeshakuwa chake, na Paskalia akawaambia wanawake wa chama chake, na wao wakamwambia kila mtu. Kwa hiyo Kalisti hakuwa anagombea kazi. Alikuwa anagombea isijulikane kwamba alikuwa hajaipata.

Mshindani wake alikuwa mmoja tu, Jilala, Msukuma wa upande wa Shinyanga. Alikuwa mtu wa maneno machache na kifua kipana, aliyekuwa amefanya kazi ya kufyeka mapori ya mbung'o na baadaye ya barabara. Alitembea na mbasa begani, yaani shoka kubwa la dukani, na kishoka cha Kalisti alikiita kijiko.

Jumatatu ile posta ya Geita ilileta kifurushi kirefu. Ndugu yake Bwana Nyundo aliyehamia Amerika alikuwa amemtumia zawadi: kishoka chembamba chenye mpini mrefu, ulionyooka kama filimbi. Bwana alikiita tomahoki. Akaeleza kwamba watu wa kale wa huko walikuwa wakitembea nacho porini, wakikata kuni, wakijenga kambi, na wakati mwingine wakikitupa. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda. Kila saa kumi, kazi ikiisha, alisimama hatua kumi kutoka kwenye mti wa mtundu, akarusha. Mara moja kati ya tano tomahoki ilikita. Mara nne ilianguka chini kwa kishindo, na watu kumi na wanane wakapiga makofi yale yale.

Kalisti aliomba kuishika. Aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakubali moyoni kwamba Mageni hajawahi kufua chuma cha namna ile. Kilichomshinda ni mpini. Haukuwa na kichwa. Chuma kilikuwa na tundu, na mti umepita ndani yake, basi.

"Chuma cha mfalme kwenye fimbo ya mchunga mbuzi," alimwambia Jilala.

"Wewe unaona mpini. Mimi naona mtu mzima anatupa shoka kama anafukuza mbwa, na tunampigia makofi."

"Makofi hayana gharama."

"Ngoja Jumamosi."

Alhamisi tomahoki iliukosa mti kabisa ikagonga jiwe. Mpini ulikatika karibu na chuma, kipande kikabaki ndani ya tundu. Bwana Nyundo aliiokota tomahoki akaitazama kama mtu aliyeokota ndege wake mwenyewe aliyekufa.

"Nani naweza tengeneza?"

"Mimi, Bwana," alisema Jilala. "Siku mbili."

"Mimi, Bwana," alisema Kalisti. "Kesho jioni."

"Kesho jioni mzuri," alisema Bwana Nyundo, akamkabidhi.

Walipoachwa peke yao Jilala alimfuata mpaka nyuma ya jiko. Haikuwa tabia yake kutoa kitu bure, lakini alitoa. "Hiyo ni kama sururu," alisema. "Mpini unaingia kwa juu na unatoka kwa juu. Geuza, gonga kwa chini, kipande kitaruka chenyewe."

Kalisti alimtazama kama mwalimu anayesahihishwa na mwanafunzi wa darasa la kwanza. Sururu. Yeye, aliyekaa siku tatu kwa Mageni, afundishwe shoka na mtu wa sururu. "Wabeja sana," alimshukuru kwa Kisukuma, ili dharau ieleweke vizuri. Jilala alipoondoka, akaiweka tomahoki juu ya jiwe akagonga kwa juu, kama anavyokaza lake. Kipande kiliingia ndani zaidi kikabana. Alipiga mara tatu nyingine kwa heshima ya pigo la kwanza. Sasa hata kwa chini kisingetoka.

Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa kwao angelifanya mti ukikaidi ndani ya chuma. Aliwasha moto. Ijumaa mchana, wenzake wakiwa kilimani na mawe, yeye alisingizia kazi ya Bwana akabaki. Makali aliyavika udongo wa mfinyanzi kwa uangalifu, tabaka mbili, akayakandika kama mama anayemvika mtoto nguo za ubatizo. Akapulizia makaa. Alichosahau ni kwamba kishoka chake kina mkia, na mkia unauchoma peke yake, makali yakiwa mbali yakipumzika. Tomahoki haina mkia. Tundu liko vidole vitatu kutoka kwenye makali, na kipande cha mti kilikuwa kinene, kikachukua muda kuungua. Udongo ulikauka, ukapasuka, ukadondoka. Chuma kizima kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Kalisti aliona, akajiambia kwamba chuma kizuri hakiogopi moto. Akaizika ndani ya majivu ipoe taratibu, bila kuishtua kwa maji, akiamini anaihurumia.

Mpini alioutengeneza ulikuwa mzuri kuliko ule wa Amerika. Mkole uleule, mnene kidogo upande wa juu ili chuma kisipite, umesuguliwa kwa majani ya msasa na kunyweshwa mafuta mpaka ukang'aa. Alipomaliza, aliinua tomahoki akajiona nyapara. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi na hawezi kutoa kitu asichokijaribu, akapiga gogo la mpingo lililokuwa kando ya jiko.

Makali yalikunjamana kama sikio la mbuzi.

Alipiga tena, polepole, upande wa pili wa makali. Nao ukajikunja. Akayanyoosha kwa kugonga kwa jiwe, yakanyooka kwa utii ambao chuma hakipaswi kuwa nao. Kalisti alikaa chini. Asubuhi Bwana Nyundo atarusha. Kwanza itagonga mti, halafu atatazama makali, halafu atamtazama yeye. Na Jumapili Paskalia atakaa benchi la mbele.

"Nimeona," alisema Jilala.

Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa nyasi na mzigo wa mawe mgongoni, wa kwanza kurudi kilimani.

"Umeona nini?"

"Nimeona mpini mzuri sana, umekaa kwenye chuma cha debe."

Kalisti hakupoteza muda kukataa. "Unataka nini?"

Jilala alitua mzigo, akakaa, akafikiri kwa raha ya mtu ambaye hajawahi kuwa na kitu cha kuuza. "Bafu," alisema.

Bafu la bati la Bwana Nyundo lilikuwa mzigo uliochukiwa kuliko yote kambini. Halikuwa zito sana, lakini liliubeba upepo, liliubana utosi, na mtu aliyelibeba alisikia mapigo ya moyo wake mwenyewe yakirudi kama ngoma. Misimu miwili lilikuwa la Jilala.

"Ukiwa nyapara, bafu silibebi tena. Wala mimi wala mtu wa kwetu Shinyanga."

"Nikiwa nyapara. Kwa nini usiwe wewe? Nenda kamwambie Bwana."

"Nikimwambia, atanipa kazi ya kugombana na watu kumi na saba kila asubuhi, na wewe ukiwa wa kwanza. Mimi nataka kichwa changu tu."

"Tuseme bafu unabeba siku moja kwa wiki."

"Tuseme naenda kwa Bwana sasa hivi."

"Bafu hubebi," alisema Kalisti, na hata yeye alishangaa jinsi mapatano yalivyokuwa mafupi.

Usingizi ulimpa njia. Asubuhi ya Jumamosi, kabla Bwana Nyundo hajamaliza chai, Kalisti alifika mbele ya hema na mashoka mawili. Tomahoki aliishika mkono wa kushoto, imefungwa kitambaa chenye mafuta. Kishoka chake alikishika mkono wa kulia.

"Bwana, tayari. Lakini mpini mpya ni kama mtoto mchanga, bado unanyonya. Tuuache unywe mafuta siku saba, usitupwe, usikate. Kwa sasa tumia hiki cha kwangu."

Alihesabu kwamba siku saba zinatosha. Katika siku saba atakuwa ameshakuwa nyapara, na nyapara anaweza kumtuma mtu kwa Mageni kwa kazi ya kambi. Hesabu ilikuwa safi. Kosa lake lilikuwa moja: alikileta kishoka kilicho bora.

Bwana Nyundo alikichukua akataka kukitupa, akasita. Alikigeuza. Akauona mkia unavyopenya kichwa cha mpini na kutokeza upande wa pili. Akauliza. Kalisti, ambaye angeweza kujibu kwa neno moja, alijibu kwa saa nzima, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Alimweleza kokoto na mlio, mkia wa kidole cha kati, mzizi wa mkole, mafuta ya Jumamosi, jiwe la mtoni. Alichonga vigingi vitatu mbele yake, kila kimoja kwa mapigo manne. Alipasua mfupa wa mchuzi wa mpishi bila kuutawanya. Alinyoa vinyweleo vya mkono wake mwenyewe kwa makali yaleyale. Bwana Nyundo aliandika yote kwenye daftari la mawe, akachora na picha.

"Mimi nataka hii," alisema mwishoni.

"Bwana?"

"Hii mimi napeleka Ulaya. Wewe chukua tomahoki. Zawadi. Chuma nzuri sana ile."

Watu walikuwa wamekusanyika. Jilala alikuwa mbele, mikono kifuani, uso wake mtulivu kama maji ya kisima.

"Bwana, hiki ni cha kijijini tu," alisema Kalisti. "Cha watu wa pori. Kitakuaibisha huko. Tomahoki ni mali ya ndugu yako, mimi siistahili."

"Wewe mtu mzuri," alisema Bwana Nyundo, na macho yake yakalainika. "Hapana ona haya. Mimi nasema chukua."

"Siwezi, Bwana."

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa na jibu moja la kweli, na lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa mkononi mwake. Kalisti alilipima. Upande mmoja palikuwa na kishoka cha siku tatu. Upande wa pili palikuwa na hema, blanketi mbili, miezi ya mvua na benchi la mbele. Alitafuta njia ya katikati, kama alivyoipata maisha yake yote. Haikuwepo.

"Kwa sababu zawadi ni kubwa mno," alisema. "Asante, Bwana."

"Mtu anakataa zawadi mara mbili," Bwana Nyundo aliwaambia wote, "huyu hapana mwizi. Huyu ndiyo nyapara."

Watu walipiga makofi, yale yale ya tomahoki. Jilala alipiga kuliko wote, kisha akaenda kulionyesha bafu kwa mtu wa Ushetu aliyekuwa mgeni kambini.

Misimu miwili Kalisti alikuwa nyapara, na tomahoki ilikuwa kiunoni mwake, mpini ukimetameta. Hakuna aliyewahi kumwona akikata nayo kitu. Watu wapya walidhani ndiyo desturi ya cheo, kwamba nyapara hakati, anaonyesha tu kwa shoka mahali pa kukata. Kishoka chake kilining'inia kwenye nguzo ya hema la Bwana Nyundo kikingoja safari ya Ulaya, hakijapakwa mafuta, kutu ikianza kutambaa kwenye makali kama ukungu kwenye mkate. Kila jioni Kalisti alipoingia kutoa ripoti alikitazama. Mara moja aliomba akipake mafuta. Bwana alikataa, akasema anakipenda kikiwa na uzee.

Mvua za mwaka wa pili alikwenda kwa Mageni. Mfua chuma alikuwa amezeeka kidogo, na jicho moja limeanza kufifia, lakini aliichukua tomahoki, akaigonga kwa kokoto, akatega sikio. Haikulia. Alikuna makali kwa ukucha.

"Chuma hiki kilikuwa bora kuliko changu chochote," alisema. "Nani alikichoma?"

"Mzungu," alisema Kalisti upesi.

Mageni alitikisa kichwa. "Ndivyo walivyo. Wana kila kitu, moto hawaujui. Angekuwa mtu wetu amekosea, ningemwashia moto na kukitia chuma chake maji kikaze tena, bure, nikamcheka siku moja, tukala. Lakini kosa la mzungu lina mwenye kulilipia. Vibuyu vitatu na mbuzi."

Kalisti alifungua kinywa. Angeweza kusema kwamba ni yeye. Angechekwa siku moja na kula ugali, na tomahoki ingelia tena bila kumgharimu kitu. Lakini Mageni huuza vishoka mpaka Ushirombo, na habari zingekwenda na vishoka.

"Vibuyu vitatu na mbuzi," alisema.

Mageni aliushusha mvukuto, akamtazama kwa lile jicho zima. "Huombi nikupunguzie?"

"Hapana, mzee wangu."

"Unaumwa?"

"Washa moto," alisema Kalisti, akaenda kumfungua mbuzi, ambaye tangu Ushirombo alikuwa amekuja naye akiwa na uhakika wa kurudi naye.